Jinsi ya kulinganisha picha ya TV ya chogo, plasma, LED na OLED kabla hujatoa hela

Maswali yanayonifikia ni yale yale kila wiki. Mtu kanunua flati ya inchi 43 anauliza mbona ile TV yake ya chogo, ile nene ya zamani (CRT), ilikuwa inaonyesha vizuri kuliko hii mpya. Mwingine anasema aliiona dukani inang'aa balaa, kafika nayo nyumbani imepooza kabisa. Mwingine anataka kujua kama QLED na OLED ni kitu kimoja. Sasa nimeamua niandike yote sehemu moja, maana karibu kila anayeuliza hivi amelinganisha TV mbili ambazo hazikuwa kwenye hali sawa, yaani moja ilikuwa na video ya demo ya 4K na nyingine ina chaneli ya kawaida ya king'amuzi, moja chumba chenye giza nyingine dukani chini ya taa kumi, halafu lawama yote inaenda kwenye kioo. Ukiweka hali sawa utaona teknolojia yenyewe inafanya nini, na utaona pia kwamba ya zamani sio kila sehemu imeshindwa.

Nadharia kidogo tu, uelewe unachokiangalia

Chogo inapiga miale ya elektroni kwenye kioo kilichopakwa unga unaowaka, mstari kwa mstari, mistari 576 inayoonekana kwa mfumo wa PAL tunaotumia huku kwetu. Kila nukta inawaka kidogo inazima, kumbuka hilo tutalihitaji kwenye mpira.

Plasma ina vyumba vidogo vidogo vya gesi na kila kimoja kinawaka chenyewe. Panasonic waliacha kuzitengeneza 2013, Samsung na LG wakafuata 2014, kwa hiyo plasma yoyote utakayoikuta leo ni used.

LED iliyoandikwa kwenye boksi ni LCD. Kuna taa nyuma, mbele kuna kioo kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, na zamani taa zile zilikuwa za tyubu sasa ni za LED, basi. QLED nayo ni LCD ile ile iliyoongezewa tabaka la chembechembe za kuboresha rangi. Mini-LED pia ni LCD, ila taa za nyuma ni ndogo na nyingi sana na zinapunguzwa mwanga kwa makundi.

OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, inawaka na kuzima yenyewe. Zile za inchi 55 zilianza kuingia sokoni 2013. Kwa hiyo OLED na QLED herufi zinafanana lakini ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Andaa hivi kabla hujaanza

- TV mbili unazotaka kulinganisha, na kama moja iko dukani basi flashi yako utaenda nayo huko.
- King'amuzi kimoja chenye HDMI na pia matundu ya AV, yale ya njano, nyeupe na nyekundu.
- Waya wa HDMI na waya wa AV. Flati nyingi mpya tundu la AV ni dogo kama la earphone, ina adapta yake, itafute kwenye boksi.
- Flashi ya USB. Weka picha tano ulizotengeneza mwenyewe kwa simu au kompyuta, ukubwa wa 1920 kwa 1080: nyeusi tupu, nyeusi yenye duara dogo jeupe katikati, kijivu, nyekundu na nyeupe. Ongeza kipande cha mpira na kipande cha filamu chenye sehemu za usiku.
- Picha moja ya ndugu au rafiki uliyompiga kivulini mchana, na yeye mwenyewe awepo kama inawezekana.
- Tepu ya kupimia, karatasi na kalamu.
- Kama unataka kuweka HDMI kwenye chogo, konveta ya HDMI kwenda AV. Soma vizuri maandishi juu yake, mshale lazima utoke HDMI uende AV. Zipo zinazofanya kinyume, zinafanana kwa sura, na watu wananunua ambayo siyo kila siku.

Onyo moja kubwa: usifungue chogo kwa nyuma, hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna volti 20,000 na zaidi na kioo kile kinaweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Hiyo kazi ni ya fundi.

Hatua zenyewe

1. Panga chumba na umbali. Weka TV zote mbili usawa wa macho, zisipate mwanga wa dirisha moja kwa moja. Washa chogo nusu saa kabla ya kuanza, rangi zake zinatulia ikishapata moto. Kisha pima umbali, na hapa watu wengi ndio wanapotea. Chogo ya inchi 21 ina urefu wa picha kama sentimita 32 kwenda juu, flati ya inchi 43 ina kama sentimita 54. Ukikaa kochi lile lile ukiangalia chaneli ile ile, kila mstari wa picha umekuzwa kama mara 1.7, kwa hiyo kasoro nazo zimekuzwa vile vile. Kama chogo uliiangalia kutoka mita 2, flati ya inchi 43 irudishe nyuma mpaka kama mita 3.4 ndio ulinganishe, ukishamaliza rudi kwenye umbali wako wa kawaida uone unapoteza nini.

2. Toa picha kutoka chanzo kimoja. Vingi vya ving'amuzi vinatoa picha kwenye HDMI na AV kwa wakati mmoja. Chomeka flati kwenye HDMI, chogo kwenye AV, chaneli ile ile, sekunde ile ile. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi uangalie kinatoa ngapi, vingine viko kwenye 576 toka siku vimetoka kwenye boksi na mwenye flati hajawahi kugusa. Weka 1080. Chogo haitaathirika, AV inabaki vile vile.

3. Itoe flati kwenye modi ya dukani. Ingia kwenye picha, toka Vivid au Dynamic weka Movie, Cinema au Filmmaker. Utaona kama imekuwa ya njano njano na imefifia. Usiirudishe. Vivid inasukuma buluu na mwanga ili ing'are kuliko jirani yake kwenye rafu ya duka, na jicho lako limeshaizoea, lipe dakika kumi kumi na tano litulie. Kwenye chogo punguza kontrasti na rangi mpaka katikati, maana nyingi zimepandishwa mpaka mwisho na watoto.

4. Zima vikorombwezo. Sharpness shusha mpaka sifuri kwanza, na kama herufi zinaanza kuwa na ukungu pandisha taratibu uishie pale zinaposomeka vizuri. Kwenye TV chache katikati ndio sifuri yenyewe. Ukiona kingo za herufi zina mstari mweupe pembeni ujue imezidi. Zima noise reduction, dynamic contrast, na ile ya kuokoa umeme inayopunguza mwanga yenyewe. Zima pia ya kulainisha mwendo, Samsung wanaiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Tutairudia kwenye mpira.

5. Anza na chaneli ya kawaida isiyo HD. Hapa ndipo lile swali la kwanza linajibiwa. Chaneli ya kawaida ina pikseli 720 kwa 576. TV ya 4K ina 3840 kwa 2160. Ukipiga hesabu, pikseli moja iliyotoka kituoni inabidi igeuzwe kuwa 20 kwenye kioo, na hizo 19 nyingine TV inazikisia yenyewe. TV yenye prosesa nzuri inakisia vizuri, ya bei ya chini inakupa uso kama wa nta na vijiboksi kwenye majani ya uwanja. Chogo haikisii chochote, ilitengenezwa kwa mistari hiyo hiyo, na ule ulaini wake wa asili unaficha vijiboksi. Kwa hiyo kama nyumbani kwako asilimia kubwa mnaangalia chaneli za kawaida, taarifa ya habari na tamthilia, ulichokiona ni kweli, chogo ilikuwa inakaa vizuri zaidi na hizo chaneli, haukuota. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Kenya ikazima 2015, lakini kuwa dijitali sio kuwa HD, chaneli inaweza kuwa dijitali na bado ikawa ya mistari ile ile 576 tena imebanwa sana.

Andika alama zako kabla hujaenda mbele. Kumbukumbu ya jicho ni fupi mno.

6. Zima taa, pima weusi. Usiku, mapazia yamefungwa. Weka ile nyeusi tupu. OLED itapotea kabisa, hutajua TV iko wapi. Chogo nzuri nayo inakaribia hapo. Plasma itabaki na mng'ao hafifu. LED ya kawaida utaona kijivu, na kwenye kona mwanga unavuja kama mawingu. Sasa weka nyeusi yenye duara jeupe. OLED, duara limekaa peke yake. Mini-LED, kuna ukungu wa mwanga kuzunguka duara, kwa sababu lile kundi la taa ni kubwa kuliko duara. Chogo pia itaonyesha ukungu kidogo kwa sababu mwanga unatawanyika ndani ya kioo kinene, hii wapenzi wa chogo hawapendi kuisema ila ipo.

Kati ya LED zenyewe kuna tofauti kubwa. Paneli za aina ya IPS uwiano wa mweupe kwa mweusi uko kama 1,000 kwa 1, za VA unaanza kama 3,000 kwa 1 na kuendelea. Kwa anayeangalia filamu usiku VA ni bora mbali sana, na bei mara nyingi inafanana, kwa hiyo uliza.

7. Weka kijivu, halafu nyekundu. Hii ni ya lazima kwa plasma na OLED used. Kivuli cha nembo ya kituo cha TV, au ule mkanda wa habari wa chini, unaonekana umejichora hapo na hautoki. Kwenye LED kijivu kinaonyesha mabaka na milia. Dakika moja inatosha, usiache picha iliyosimama kwenye plasma au OLED ukaenda kupika.

8. Mwendo. Chukua mpira pale kamera inapofuata pasi ndefu, au mkanda wa maandishi wa chini kwenye habari. Jaribu kusoma maandishi yakiwa yanatembea. Chogo utayasoma vizuri kabisa. LED ukungu, na VA ya bei ya chini inaacha kivuli kinachoburuta nyuma ya mchezaji kwenye sehemu za giza. OLED pikseli zake zinabadilika haraka mno, ila bado kuna ukungu kiasi, na sababu ni kwamba inaishikilia kila picha mpaka inayofuata ije, sekunde 0.02 kwa chaneli ya picha 50 kwa sekunde, wakati jicho lako linaendelea kutembea na mpira. Chogo inawaka na kuzima, kwa hiyo jicho halipati kitu cha kuburuta. Hii ni sehemu ambayo teknolojia ya zamani haijapitwa mpaka leo ukiwa na chaneli ya kawaida, na naisema kwa heshima zote kwa OLED ambayo ndiyo naipenda kuliko zote.

Sasa washa ile ya kulainisha mwendo kwa kiwango cha chini, uone mpira. Kwa mpira inasaidia. Kwa filamu izime.

9. Pima ngozi za watu. Kama ungekuwa na muda wa kipimo kimoja tu ningekwambia ufanye hiki. Miongozo mingi inapima rangi kwa matunda na maua, lakini sisi tunaangalia nyuso za watu weusi kila siku na TV nyingi zinaharibu hapo. Weka ile picha ya ndugu yako, yeye asimame pembeni ya TV. Angalia shavu lililo kivulini: unaona umbo la shavu au limekuwa doa jeusi moja? Ngozi ya maji ya kunde imebaki hivyo au imekuwa nyekundu kama imepakwa kitu? Modi ya Vivid inaua kivuli chote, LED ya bei ya chini inageuza ngozi nyeusi kuwa ya kijivu kwa sababu weusi wake wenyewe ni kijivu. Chogo inafanya vizuri sana hapa, plasma pia, OLED inafanya vizuri zaidi ikiwa modi ni Movie, ila angalia zile sehemu nyeusi kabisa zisimezwe. Jaribu na khanga au kitenge chenye nyekundu na zambarau karibu karibu, hapo QLED na OLED zinaiacha chogo mbali.

10. Kaa pembeni. Nyumba zetu watu wanakaa mpaka kwenye mkeka ukutani, sio wote wanakaa mbele. Sogea pembeni kabisa. VA inapauka, IPS inavumilia, chogo na plasma na OLED hazibadiliki sana.

11. Fungua dirisha. Mchana saa nane, jua limejaa. Hapa ramani inageuka. LED na Mini-LED ndio zinaongoza kwa mwanga, plasma na chogo zinakuwa kioo cha kujitazama. OLED inategemea, za karibuni zina mwanga mzuri kuliko za mwanzo. Kama sebule yako ina madirisha makubwa na mnaangalia zaidi mchana, alama za hatua hii zipe uzito kuliko za hatua ya 6, hata kama moyo unataka ule weusi.

12. Mwisho ndio HD, 4K na HDR. Weka video ile ile kwa Full HD (1920 kwa 1080) halafu 4K. Kwa inchi 55, jicho zima linaacha kuona pikseli za Full HD ukifika kama mita 2.2, kwa hiyo ukikaa mita 3 na nusu faida ya 4K ni ndogo sana, hela hiyo bora iende kwenye paneli nzuri. HDR nayo, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, maandishi ya HDR10 kwenye boksi yanamaanisha TV inaipokea hiyo signal, hayamaanishi inaweza kuionyesha. Filamu nyingi zinaandaliwa kufika niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 1,000 sehemu zenye kung'aa, na LED nyingi za bei ya chini zinaishia kwenye 250 au 300. Ukiwasha HDR picha ikawa giza zaidi, TV ni ya hivyo, angalia kwa SDR, picha ya kawaida isiyo HDR, uendelee na maisha.

Ukiwa dukani na muuzaji amesimama juu yako

Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi hawatakupa saa nzima, kwa hiyo fanya vinne: badilisha modi iwe Movie, chomeka flashi uweke kijivu, weka uso wa ndugu yako, kisha tembea mpaka pembeni. Muuzaji akikataa flashi yako anataka uangalie demo yake tu, nenda duka la pili, yako mengi.

Makosa ninayoyaona sana

Kulinganisha kwa picha za simu. Kamera inajirekebisha mwanga yenyewe, na chogo kwenye kamera inatoa milia myeusi ambayo jicho halioni kabisa. Usimhukumu mtu anayekuuzia kwa picha za WhatsApp, wala usinunue kwa hizo.

Kufuta kioo cha flati kwa spiriti au sabuni ya vioo. Tabaka la juu linatoka. Kitambaa laini kikavu, basi.

Kuweka spika karibu na chogo. Sumaku inachafua rangi.

Ikigoma

*Chogo inaonyesha nyeusi na nyeupe.* Konveta au king'amuzi kiko kwenye NTSC, mfumo mwingine wa rangi usio PAL. Konveta ina kiswichi pembeni, weka PAL.

*Hakuna picha kabisa kwenye chogo.* Angalia mwelekeo wa konveta, kisha angalia kama ule waya wake wa USB wa umeme umechomekwa, bila huo haiwaki. Halafu rimoti, tafuta AV.

*Watu wamerefuka au wamenenepa.* Chogo ni 4:3, flati 16:9, na king'amuzi kinafuata mpangilio mmoja kwa zote mbili. Kiache 16:9, kwenye chogo watu watakuwa wembamba kidogo wakati wa kulinganisha, vumilia. Ukiwa unatumia chogo peke yake weka letterbox, ile yenye mikanda myeusi juu na chini.

*Mkanda wa maandishi umekatwa chini kwenye flati.* Tafuta Just Scan, Screen Fit au 1:1 kwenye ukubwa wa picha.

*Modi inarudi Vivid yenyewe kila ukizima.* TV bado iko kwenye Shop au Store mode, ingia kwenye mipangilio ya mfumo uweke Home.

*Chogo ina doa la kijani au zambarau kwenye kona.* Ondoa spika, izime kwa swichi yake kubwa sio rimoti, iache nusu saa ipoe kisha iwashe. Ile koili ya kusafisha sumaku inafanya kazi wakati wa kuwasha ikiwa imepoa. Huenda ukarudia siku moja au mbili.

*Filamu inaonekana kama video ya harusi.* Kulainisha mwendo bado kumewashwa, kwenye TV nyingine kila chanzo kina mpangilio wake kwa hiyo zima kwenye HDMI na kwenye USB pia.

*LED used picha yote ina ubuluu au uzambarau na menyu haisaidii.* Taa za nyuma zimechoka. Fundi anabadilisha zile taa na picha inarudi, ila hakikisha anabadilisha seti nzima, akibadilisha mbili tatu utabaki na mabaka ya rangi mbili. Kama hujainunua bado, toa hiyo gharama kwenye bei.

*OLED used ina kivuli cha nembo.* Endesha Pixel Refresher au Panel Refresh kutoka kwenye menyu, iache mpaka imalize usiichomoe. Kivuli cha muda kitatoka. Kisipotoka ni cha kudumu, mrudishie mwenyewe.